Kosa la Mtoto ni la Nani?

Liko swali dogo ambalo hulipita kila siku bila ya kulisalimu, nalo ni hili: mtoto anapoandika neno vibaya, kosa lile ni mali ya nani? Ni la mtoto aliyelitenda, au ni la mwalimu aliyeliona? Huenda msomaji akaliona swali la mzaha. Lakini ukitazama namna tunavyowafundisha watoto wetu kuandika, utaona kwamba tumekwisha kulijibu zamani, tena kwa vitendo. Mtoto hutenda, mwalimu huona, kalamu nyekundu hupita, na kosa likatoka mikononi mwa mwenyewe likawa la mwenye kalamu. Kinachorudi kwa mtoto ni alama: saba juu ya kumi, au tatu juu ya kumi. Saba hizo hazimwambii lolote kuhusu zile tatu zilizopotea.

Mimi si mwalimu wa shule. Ni mtunzi wa mashairi na mfasiri, na elimu niliyo nayo nimeiokota kwa kujisomea. Lakini naishi Pangani, mji ambao watoto wake hawaoni haya kubisha hodi, na siku za likizo baraza yangu haikosi madaftari mawili matatu yaliyofunguliwa. Niliyoyaona humo yamenifanya niamini kwamba kumfundisha mtoto mdogo kulitafuta kosa lake na kulitengeneza mwenyewe ni suala la maadili kabla halijawa suala la mbinu za kufundishia. Linahusu ukweli mtu anaouambia nafsi yake, na linahusu ni nani mwenye haki ya kusema kwamba hili ni sawa na hili si sawa.

Walimu wa zamani walikuwa na neno zuri la kazi hii. Hawakusema "tahajia", walisema "kuendeleza". Mwalimu akisema, "Endeleza neno mwanafunzi," alitaka mtoto ataje herufi moja baada ya nyingine, hatua kwa hatua, mpaka neno litimie. Mzizi wa kitenzi hicho ndio uliotupa neno "maendeleo". Sidai kwamba aliyeliunganisha la kwanza na la pili alikuwa na falsafa kichwani. Lugha hufanya mambo yake bila ya kutuomba ruhusa. Lakini ni vyema kukumbuka kwamba katika Kiswahili, kuandika neno sawasawa na kusonga mbele ni jamaa wa ukoo mmoja.

Kabla ya kumhukumu mtoto, hebu kwanza tuitazame sheria anayoshitakiwa kwayo. Sheria hiyo si ya kale. Mababu wa watoto wa Pangani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nazo zina alama tatu tu za irabu ilhali lugha yetu ina irabu tano. Herufi ya "p" haimo, wala ya "v", wala ya "ch". Mwandishi aliazima iliyo karibu, na msomaji akajua mwenyewe pa kusoma "b" na pa kusoma "p". Ndivyo walivyoandika washairi wa pwani hii, kama Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi, vita ambavyo kiongozi wake Abushiri bin Salim alinyongwa hapa Pangani Desemba 1889. Katika hati za namna hiyo mzigo wa kulitimiza neno uligawanywa baina ya mwandishi na msomaji. Tena ilikuwa ada ya watunzi wengi wa tenzi kumalizia kwa kumwomba msomaji kwamba akiona palipopungua, apatengeneze. Kosa halikuwa fedheha. Lilikuwa kazi iliyobaki, na kila aliyejua alialikwa kuifanya.

Zikaja herufi za Kirumi, na hata wale walioleta herufi hizo hawakupatana. Askofu Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, aliandika "Swahili". Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1882, aliandika "Suahili". Carl Velten, alipochapa mwaka 1903 kitabu cha desturi zetu, aliandika "Wasuaheli". Watu watatu wenye elimu, na jina la lugha moja limeandikwa kwa namna tatu. Leo mtoto wa darasa la pili akiandika "Kisuahili" atakatwa alama. Krapf aliandika hivyo na akawekwa katika maktaba. Tofauti baina yao haiko katika sikio wala katika akili. Iko katika mapatano yaliyokuja baadaye: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kamati hiyo ilianza bila ya wenye lugha kuketi mezani. Baadaye walikaribishwa, na Shaaban Robert, mwana wa Tanga, akawa miongoni mwa wajumbe wake.

Sisemi hayo ili tuyadharau mapatano. Ni mazuri, na bila ya hayo barua ya Pangani isingesomeka vyema Lamu wala Bukavu. Nasema tu kwamba tunapomwambia mtoto "umekosa", aghalabu maana yake ni "hujaambiwa tulivyopatana". Hata leo wakubwa hawajamaliza kupatana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa mwaka 1981 Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Baraza la Kiswahili la Zanzibar likatoa mwaka 2010 Kamusi la Kiswahili Fasaha. Ya na la, na katikati yake ni bahari ambayo jahazi huivuka kwa upepo wa siku moja. Ikiwa mabingwa wanaachiana nafasi ya namna hiyo, mtoto wa miaka saba anastahili angalau kuelezwa.

Nikiyatazama makosa ya watoto wanaokuja barazani, nayaona yako mafungu matatu, na kila fungu lina adabu yake.

Fungu la kwanza ni makosa ya mkono. Mtoto anajua kusema "kitabu", anajua na kukiandika, lakini mkono umetangulia mbele ya fikira ukaandika "kitau" au "kibatu". Hapa mtoto hana ujinga wowote. Ana haraka tu.

Fungu la pili ni makosa ya sikio. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ambamo "r" na "l" ni sauti moja huandika "langi" akitaka rangi, na "kula" akitaka kura. Aliyelelewa pasipo na "dh" huandika "zahabu", na pasipo na "th" huandika "samani" akitaka thamani, akawa ametaja viti na makabati pahali pa bei. Lililo zito kuliko yote ni "h". Tuseme binti mmoja wa Pangani anaandika ujumbe kumpelekea shangazi yake aliyeko Kipumbwi, naye anataka kumpa habari njema: "Bibi hana homa tena." Ikiwa "h" haisikiki kinywani mwake, ataandika: "Bibi ana homa tena." Herufi moja imeanguka, na bibi aliyepona amerudishwa kitandani. Shangazi atakopa nauli afunge safari. Basi wanaosema kwamba maendelezo ni pambo tu la walimu, na waulizwe nauli ile atailipa nani.

Fungu la tatu ni makosa ya mapatano. Mtoto huandika "juwa", "njiya", "kuuwa", kwa sababu ulimi wake hupita kwenye "w" na "y" kweli kweli, nasi tumepatana kutoziandika hapo. Huandika "ngombe" kwa sababu hajaambiwa kwamba kialama kile kidogo cha juu ndicho kinachoitenga "ng'" ya ng'ombe na "ng" ya ngoma. Huandika "kwahiyo" kwa sababu masikioni hakuna nafasi baina ya "kwa" na "hiyo". Na huandika "ntoto" na "nkate", kwa kuwa ndivyo bibi yake asemavyo, na ndivyo wengi wa pwani hii na visiwani wasemavyo. Mtoto huyo amesikia barabara kuliko mwalimu wake. Anachokosa ni habari ya mapatano.

Wataalamu wa mbali waligundua jambo lilo hilo kwa njia yao. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Charles Read alichunguza watoto ambao hawajaingia shule na wanajiandikia wenyewe, akaona kwamba makosa yao yana utaratibu: waliandika sauti walizozisikia hasa, hata zile ambazo watu wazima wamekwisha kuacha kuzisikia kwa kuzoea maandishi. Emilia Ferreiro na Ana Teberosky, katika kitabu walichokitoa kwa Kihispania mwaka 1979, walionyesha kwamba mtoto hujenga dhana juu ya maandishi, huijaribu, huiacha na kushika nyingine. Kwa hiyo kosa la mtoto mara nyingi ni hoja. Na mwenye hoja hujibiwa, hafutwi.

Sasa tutazame kalamu nyekundu inafanya nini. Haitofautishi mafungu hayo matatu. Aliyekwenda haraka, asiyesikia na asiyeambiwa, wote hupata mkwaju mmoja. Wala mwalimu si wa kulaumiwa peke yake. Darasa la watoto themanini au mia si jambo geni katika shule zetu za msingi tangu ada ilipofutwa, na aliye na madaftari mia mezani hawezi kusoma kila neno. Hupitisha vema juu ya ukurasa, na humo mna makosa matano. Hapo ndipo madhara hasa yalipo, kwani vema ya uongo ni mbaya kuliko kosa lisilosahihishwa. Kosa lisilosahihishwa humwacha mtoto na shaka yake. Vema ya uongo humwondolea shaka, ikamthibitishia upotofu kwa muhuri wa mkubwa.

Kisha iko bakora. Nimepata kusimuliwa habari za shule moja, sitaitaja, ambamo imla ilihesabiwa kwa fimbo: neno moja, fimbo moja. Watetezi wa desturi hiyo husema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba waliopigwa ndio wanaoandika vizuri leo. Yawezekana. Lakini hebu nieleze nilichokiona kwa mtoto aliyepitia mafunzo hayo. Nilimwomba aniandikie habari ya baba yake, ambaye ni mvuvi. Kwa mdomo alikuwa amenisimulia ngalawa, dema, mishipi, kusi ilivyowazuia wiki nzima, na jinsi taa ilivyozimika usiku wakarudi kwa kufuata sauti ya mawimbi. Kwenye daftari aliandika: "Baba ana samaki. Samaki ni wa baba. Baba ni mzuri." Nilipomwuliza zile habari zimekwenda wapi, alinijibu kwa utulivu kwamba maneno yale hawezi kuyaandika bila ya kukosa, basi ameyaacha.

Ukurasa ule haukuwa na kosa hata moja. Mwalimu angeupa kumi juu ya kumi. Nami kama mtunzi niliuona kuwa ni msiba, maana dema na kusi vimeuawa humo kimyakimya, na mwuaji ni woga. Mtoto anayeogopa kukosa huchagua maneno mafupi; anayechagua maneno mafupi huishia kufikiri mawazo mafupi; na lugha ambayo watoto wake wanaikwepa haihitaji adui mwingine. Huu ndio uzito wa suala letu. Tunaweza kupata madaftari safi na tukapoteza Kiswahili.

Je, ipo njia ya kuyapata yote mawili? Naamini ipo, tena tunayo nyumbani.

Katika vyuo vyetu vya Kurani, elimu ya tajwidi imeyagawa makosa ya usomaji, yaitwayo lahani, mafungu mawili. Iko lahani ya wazi, ibadilishayo herufi au irabu, ambayo kila msomaji huijua. Na iko lahani iliyofichika, ambayo ni mjuzi pekee huitambua. Mwalimu mwema wa chuo, mwanafunzi akiteleza katika ile ya wazi, hamtajii. Husema "rudi", au hugonga ubao kwa kidole, na mwanafunzi hurudi nyuma ya aya, akasoma tena, akalikamata kosa mwenyewe. Ile iliyofichika humfundisha, kwa sababu si haki kumtaka mtu atafute asichokijua. Najua kwamba hata chuoni bakora ilikuwapo, na pengine ilikuwa kali zaidi. Lakini ndani ya ada hiyo mna hekima mbili ambazo shule ingeweza kuziazima: mwoneshe mtoto kwamba kosa lipo, umwachie kulipata, na utenge analoweza kuliona na asiloweza.

Kwa makosa ya mkono, dawa ni kurudia kusoma, nayo hufundishwa. Mtu mzima anayesoma alichokiandika husoma alichokusudia. Macho humdanganya kwa mapenzi. Wahenga walilisema kwa ukali kwamba nyani haoni kundule. Basi mtoto na aweke kidole chini ya kila silabi na asome kwa sauti, polepole kuliko asemavyo. Kiswahili kina neema ambayo lugha nyingi hazina: silabi zake ni za wazi na zinahesabika. Mtoto akipiga makofi "m-to-to" atapata makofi matatu. Akiwa ameandika "mtototo", daftari litadai manne. Atagundua mwenyewe kwamba "n" ya nchi ina kofi lake na "n" ya ndizi haina. Huu si uvumbuzi wangu. Ndio mizani ambao washairi wetu wameutumia kwa karne nyingi kujipima, 8 na 8 katika mshororo wa 16. Ukipungukiwa na silabi, shairi lenyewe linakwambia kabla hajakwambia mtu. Hakuna sababu chombo hicho kikae kwa watu wazima peke yao. Watoto wa barazani kwangu nimewatungia ubeti mmoja wanaoupigia makofi:

Kalamu ikiteleza, kidole kifuatie,
Neno ukilipunguza, makofi yakuambie,
Sikio likipuuza, mwenzio akusikie,
Kosa ukiligeuza, ni lako ujivunie.

Mshororo wa tatu ni wa makosa ya sikio. Hapo kidole na makofi havifai kitu, kwa sababu "langi" na "rangi" zina makofi sawa. Ndipo anapohitajika mwenzake. Watoto wawili waketi pamoja, mmoja asome, mwingine asikilize na aseme tu, "Mstari wa pili, kuna jambo." Asitaje jambo lenyewe. Nimeona kwamba mtoto wa miaka minane hulistahimili neno hilo kutoka kwa mwenzake kuliko kutoka kwa mkubwa, na kwamba aliyekuwa msikilizaji hujifunza zaidi ya msomaji. Na kama wote wawili wamelelewa bila ya "r", basi mwalimu na awape jozi za maneno, kura na kula, thamani na samani, hana na ana, wazisikie, wazitamke, wazione zinavyobadili habari. Habari ya bibi na homa yake huwafunza "h" kuliko mistari mia ya kunakili.

Makosa ya mapatano hayapatikani kwa kutafuta, ila kwa kuuliza. Hapo mtoto afundishwe kuwa na shaka yenye adabu: apige mstari mwepesi wa kalamu ya risasi chini ya neno asilo na hakika nalo, kisha aende kwenye kamusi, au kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, au kwa mwalimu. Natamani mistari hiyo ya shaka ihesabiwe kuwa alama za kuongeza. Mtoto aliyepiga mstari chini ya "juwa" bado hajajua jibu, lakini amekwisha kujua kwamba kuna swali, na nusu ya elimu ya wanadamu ni hiyo. Naye aliyeandika "ntoto" na aambiwe kweli yote: "Umesikia sawa, bibi yako amesema sawa, na tukiandika tumepatana kutia m." Sentensi hiyo ni fupi, nayo huokoa mambo mawili, maandishi sanifu na heshima ya bibi.

Najua hoja zitakazoletwa. Watasema kwamba huku ni kukwepa kazi: mwalimu ameajiriwa kusahihisha, naye awaachie watoto wasahihishane! Najibu kwamba atafanya kazi ngumu zaidi. Kupitisha kalamu ni rahisi. Kukaa kimya huku umeliona kosa, ukamngoja mtoto alifikie, kunahitaji subira ambayo wengi wetu hatuna. Watasema pia kwamba kosa lililoachwa hukita mizizi. Ni kweli, ndiyo maana sikusema liachwe. Nimesema aliyelitenda apewe nafasi ya kwanza, na mwalimu awe wa mwisho badala ya kuwa wa pekee. Wavuvi wetu hawangoji samaki wawaoneshe tundu. Nyavu zikitoka majini hutandazwa ufukoni, na mwenyewe huzipitisha mikononi jicho kwa jicho, akatafuta palipokatika. Kijana huanza kwa kuketi karibu na mzee na kuoneshwa. Lakini siku atakayokwenda peke yake, hakuna wa kumpigia alama nyekundu penye tundu.

Watasema mwisho kwamba nchi ina mambo makubwa kuliko herufi za watoto. Hapo naomba tukumbuke mwaka 1962. Julius Nyerere, mwalimu aliyekuwa amefundisha Tabora na Pugu, aliandika kijitabu kwa wanachama wa chama chake, na jina alilolichagua lilitoka darasani: Tujisahihishe. Tazama silabi ile ndogo, "ji". Angeweza kuandika "tusahihishwe", tungoje mkaguzi. Au "tuwasahihishe", tuwapekue wengine. Alichagua kitenzi kinachomrudia mtendaji. Na katika kazi yake ya kufasiri alifanya alilolinena. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Alirudi akaipitia, na mwaka 1969 ikatoka upya ikiitwa Juliasi Kaizari. Rais wa nchi amefungua daftari lake mwenyewe, na hata jina lililo juu ya jalada likaendelezwa upya. Nami niliye mfasiri najua kwamba hakuna kazi inayouma kuliko kuirudia kazi ambayo watu wamekwisha kuisifu. Sasa tujiulize: jamii iliyofundishwa tangu darasa la kwanza kwamba kosa ni jambo la kuonwa na mkubwa tu, itajisahihisha kwa chombo gani ikikua? Hujifunza kuficha. Hujifunza kwamba kisichoonwa hakikutendeka.

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 uliweka mbele kusoma, kuandika na kuhesabu, na ulifanya vyema. Lakini swali la nani anaona kosa halikai katika mtaala. Linakaa katika desturi ya darasa. Na siku hizi limeongezewa jingine. Simu imekwisha kuwa kalamu ya vijana, nayo hutia mistari myekundu chini ya Kiswahili safi kwa kudhani ni Kiingereza kilichoharibika, au hulibadilisha neno kimyakimya kabla mwandishi hajaliona. Hizi za pili ndizo za kuogopwa zaidi. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu alau alimwonesha mtoto kwamba kosa lilikuwapo. Mashine inayotengeneza bila ya kusema humnyang'anya hata habari ya kwamba alikosa. Sina ugomvi na chombo. Nina ugomvi na kumpa mtoto chombo hicho kabla hajajua kupitisha nyavu zake mikononi.

Iko faida moja nimeiacha mwisho kwa kuwa ni ya kila nyumba. Katika nchi yetu wako watu wasio na idadi ambao jina lao katika cheti cha kuzaliwa ni Rukia na katika cheti cha shule ni Lukia, au Ramadhani huku na Ramazani kule. Karani aliandika alivyosikia, na mtoto alisimama pale, akaona, akanyamaza, kwa sababu tangu utotoni amejua kwamba makosa huonwa na walio nyuma ya meza. Miaka ishirini baadaye hutafuta wakili na kiapo cha mahakama ili athibitishe kwamba yeye ni yeye. Mtoto aliyezoea kusema, "Mwalimu, mstari wa pili kuna jambo," angeweza kusema pale mezani kwa adabu, "Samahani, mzee, jina langu linaanza na r."

Basi kwa walimu wa Pangani na wa kila mahali nina ombi dogo. Baada ya imla, kabla ya kukusanya madaftari, wapeni watoto dakika tano. Wapitishe vidole, wapige makofi, wasomeane wawili wawili, na wapige mistari ya shaka kwa kalamu ya risasi. Kalamu nyekundu ingoje mezani mpaka dakika hizo ziishe. Kazi itakayobaki itakuwa chache kuliko ilivyokuwa, na sehemu kubwa ya hiyo itakuwa ya mapatano, ambayo ni wajibu wetu sisi wakubwa kuyaeleza, kwa kuwa ndio tuliopatana.